Jina la Babu, Figo za Dada

Nililelewa kama mgonjwa, ingawa sikuwahi kuumwa kitu zaidi ya malaria. Kwetu Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, watoto wote walichota maji, walivuta nyavu, walibeba mihogo kutoka shambani. Mimi nilikaa. Nikithubutu kunyanyua ndoo, sauti ilitoka jikoni: "We! Weka chini ile kitu, utapasuka!" Nami niliweka chini haraka, maana sikuwa mtoto mbishi. Wenzangu walinionea huruma kwa sababu nilikuwa nakaribia kufa. Mimi niliwaonea huruma wao kwa sababu walikuwa wanafanya kazi.

Sababu ya yote hayo ilikuwa jina. Sitaliandika hapa. Nyumbani kwetu halikutajwa ovyo, na mazoea hayo yamenishika mpaka leo, ingawa nimejua kwa muda mrefu kwamba halina kosa lolote.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na jina hilo. Alipofika umri wa makamo, tumbo lake lilianza kuvimba pande zote mbili chini ya mbavu, likawa gumu, huku miguu na mikono ikikonda. Mkojo wake ulikuja na damu. Mwishowe akawa mtu wa kusinzia tu, akafa akiwa amesinzia. Baba mkubwa, kaka yake baba, alipewa jina lilelile alipozaliwa. Naye alipofika makamo, tumbo, damu, usingizi, kaburi. Wawili wenye jina moja, tumbo moja na kifo kimoja. Wewe ungefikiri nini? Nyanya yetu, mjane wa babu, ambaye sote tulimwita Koko, alifikiri hivyohivyo. Alisema jina lile lina tumbo.

Mimi nilizaliwa matanga ya baba mkubwa hayajaondolewa. Katika ukoo wetu jina la aliyekufa hupewa mtoto anayezaliwa karibu, ili marehemu asibaki nje, arudi nyumbani. Baba alimpenda sana kaka yake. Akasema huyu mtoto ndiye, kaka yangu amerudi. Koko akakataa. Waligombana, mama na mwana, mpaka wakawa wanatumiana watu kuambiana mambo wakati wanalala nyumba moja. Baba akashinda. Koko hakunitamka kwa jina hilo kamwe. Aliniita "bwana yangu," kama wanawake wa kwetu wanavyomtania mjukuu wa kiume, na kwa kuwa nilikuwa na jina la mumewe utani ulikuwa mtamu zaidi. Lakini kila asubuhi alinibonyeza tumbo kwa vidole viwili, kushoto na kulia, akiwa amefumba macho. Nilijifunza kubana pumzi ili lionekane dogo. Baada ya hapo nilipewa kichwa cha mukeke, samaki mtamu kuliko wote ziwani kwetu, kwa sababu mtu mwenye siku chache ale vizuri.

Kazi zangu zote zilimwangukia dada yangu. Alinitangulia kwa miaka sita, na jina lake lilitoka upande wa mama, ukoo ambao watu wake wanazeeka mpaka wanachosha. Alikuwa na shingo imara na kicheko kikubwa. Alibeba ndoo yake na yangu. Hakuna aliyembonyeza tumbo.

Vita vilipofika, vile vya kwanza, halafu vile vya pili vilivyokuja kabla hatujamaliza kuezeka, tulikimbia kama watu wote. Mama alivuka ziwa na wadogo zetu wawili, wakaingia kambini Tanzania. Koko aligoma kupanda mtumbwi. "Mi nitafia mu inchi kavu," alisema, akakaa chini. Basi baba akabaki na mama yake, na dada na mimi tukabaki na baba, na sisi wanne tukapanda milimani.

Kule juu njaa tuliizoea. Kilichotutesa ni chumvi. Mihogo ilikuwapo, sombe la majani yake lilikuwapo, lakini chumvi ilikuwa ikitoka chini kwenye ziwa, na njia ya chini ilikuwa na wenye bunduki. Mtu aliyefika na chumvi alipokewa kama askofu. Koko alikuwa na kidogo, amekifunga kwenye pindo la kitenge chake. Wakati wa chakula alifungua fundo, akachukua kwa ncha za vidole, akaninyunyizia mimi peke yangu. "Ule iko na jina," aliwaeleza wengine. "Ale muzuri siku zake." Dada alikula sombe lake lisilo na chumvi, kila siku, mwaka mzima na zaidi, na alipenda kunitania: "Kula, we maiti. Kula, unachelewa." Tulicheka mpaka Koko akatukemea. Nashukuru kwa kicheko kile, kwa kuwa hatukuwa na vitu vingi vya kuchekea.

Baba alikuwa na maumivu ya kichwa tangu ninavyomjua. Alikifunga kwa kipande cha nguo, akakaza fundo, akaendelea na kazi. Asubuhi moja alikuwa analima shamba la watu waliotupokea, akaacha jembe, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema "Kichwa," akakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kupumzika. Kabla ya mchana alikuwa amekufa. Tulimzika palepale kilimani. Hakukuwa na risasi wala panga. Koko alisema vita vimemuua, moto ulioteketeza nyumba yetu ulimwingia kichwani, na hakuna aliyebisha. Siku zile kila aliyekufa aliuawa na vita, hata aliyekufa kwa kuharisha.

Nilimlilia baba sana. Alikuwa mtu mpole ambaye alishinda ugomvi mmoja tu maishani mwake, na aliushinda kwa ajili yangu.

Mambo yalipotulia kidogo tulirudi Lweba. Dada aliolewa na mvuvi wa hapohapo, kijana mrefu wa maneno machache, akashika mimba. Wakati huohuo ikaja habari kwamba kule mjini Baraka madaktari wamefungua hospitali, wageni pamoja na Wakongomani, na kwamba wana mashine inayoona ndani ya tumbo bila kulipasua. Koko hakulala. Kesho yake alitangaza kwamba bwana yake apelekwe akaonwe tumbo, ijulikane limebakiza muda gani.

Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala sakafuni kando ya kitanda chake, na huyo tunamwita garde-malade. Nani awe wangu kama si dada? Basi tukaenda Baraka kwa miguu, yeye na mimba yake, kichwani mkeka, sufuria, mihogo na kuni. Mimi mgonjwa nilitembea mbele mikono mitupu, nikipiga mluzi. Niliona miguu yake imevimba, lakini miguu ya wajawazito si huvimba? Tuliokutana nao njiani walinipa pole mimi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa Bukavu, mfupi, mwenye miwani, anayesema haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alinilaza, akanipaka kitu baridi tumboni, akapitisha kidude chake huku na huku akitazama kioo. Nilibana pumzi kwa mazoea.

"Pumua," alisema. "Unafanya nini? Pumua tu."

Nikapumua. Akatazama tena, upande huu na upande ule.

"Figo zako ni nzuri. Sioni kitu."

Ungedhani ningeruka kwa furaha. La, niliona aibu, kama mtu aliyekamatwa akila sadaka. Nilimuuliza, "Basi naumwa na nini?"

"Uvivu, pengine," alijibu, na dada akaangua kicheko kule alikokaa sakafuni.

Daktari hakuishia hapo. Alitaka kujua kwa nini kijana mzima ametembea kutoka Lweba kuja kutazamwa figo. Nikamweleza kuhusu babu na baba mkubwa. Aliacha kuandika.

"Na baba yako? Iko wapi?"

"Alikufa na vita."

"Risasi?"

"Hapana, dokta. Kichwa."

Akanitazama. Kisha akageuka, akamtazama dada, akaanzia miguuni akapanda mpaka usoni.

"Na we, mama, unaumwaka kichwa?"

"Nani haumwe kichwa?" dada alijibu. "Ni hii vita."

"Na mukojo? Ulishaona damu?"

Dada alivuta kitenge chake magotini. Akasema ilitokea mara mbili, alipobeba mizigo mizito, ikapita. Mimi sikuwa nimesikia habari hiyo, na nililala naye chumba kimoja mpaka alipoolewa. Daktari akamfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapima, akafungua, akapima mkono mwingine.

"Panda kwa kitanda."

"Miye? Mugonjwa ni ule. Miye ni garde-malade."

"Najua. Panda."

Dada akashika ukingo wa kitanda, hakupanda. Akamwambia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni asipotee njia: "Miye siko na jina, dokta."

"Jina gani?"

Ikabidi tumweleze. Tulieleza wote wawili kwa pamoja, tukikatizana, na tulipofika mwisho hata masikio yangu mwenyewe yalishangaa. Daktari hakucheka. Nitamshukuru kwa hilo mpaka niingie kaburini. Alimshika dada mkono, akampandisha, akampaka ile baridi, na safari hii akageuza kioo ili tuone. Alituonyesha kwanza mtoto, kichwa na uti wa mgongo, na moyo unavyopiga. Halafu akasogeza kidude pembeni. Mahali pa figo palijaa viduara vyeusi, vikubwa kwa vidogo, vimesongamana kama povu la sabuni kwenye beseni. Upande wa pili vivyo hivyo. Alisema kila kiduara ni kifuko cha maji. Vinaanza vidogo, vinakua polepole kwa miaka na miaka vikiila figo, na wakati huo vinapandisha presha, na presha ndiyo inayoua haraka. Huenda baba alipasuka mshipa kichwani, alisema. Ugonjwa huu una tabia hiyo pia.

Dada alikuwa anatazama dari. "Inatokaka wapi?" aliuliza.

Daktari akavua kifuniko cha kalamu yake, akakificha mikononi nyuma ya mgongo, akatoa ngumi mbili mbele yetu, kama watoto wanavyocheza.

"Baba yenu alikuwa na mbegu mbili. Moja muzuri, moja mubaya. Kila mutoto mwenye anakuja, baba anamupatia moja. Gani? Hajue. Mama naye anatoa yake, ya mama zote ni muzuri, lakini kwa hii ugonjwa mubaya moja inatosha. Hii kifuniko ndio mubaya. Chagua."

Nilichagua, ngumi ilikuwa tupu. Akarudisha mikono nyuma, akamletea dada. Dada akachagua. Tupu tena. Daktari akatazama kiganja chake kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Munaona? Ingeweza kuwa vile. Bote bazima. Ao bote bagonjwa. Kila mutoto baba anaanza upya, mukono haikumbuke mwenye alipita mbele. Na jina haiingiake mu figo, mama."

Nimekuwa mwalimu tangu wakati huo, nimesoma kuhusu jeni na namna zinavyorithiwa, na nimewachorea wanafunzi miraba ubaoni. Bado sijapata maelezo yanayoshinda ngumi zile mbili. Ugonjwa wenyewe hauruki kizazi. Aliyeupata anaweza kumpa mtoto wake, nusu kwa nusu. Aliyeukosa hana cha kumpa. Haujali nani amefanana na nani, wala nani anapendwa, wala nani aliitwa nani.

Daktari alitoa masharti. Vidonge kila siku, na chumvi kidogo sana. Dada asiguse dawa za maumivu za sokoni wala mizizi ya kuchemsha. Ajifungulie hapo hapo Baraka, si nyumbani, maana kwa presha ile kujifungulia nyumbani ni kutafuta kifo, chake na cha mtoto. Akauliza amekuwa akila chumvi kiasi gani. Dada akaniangalia, nikaangalia mlango. Tulipomweleza habari za milimani, daktari alisema ile huenda ilimsaidia kidogo, aendelee hivyohivyo. Mimi akaniambia nirudi kupimwa nikifika miaka thelathini, kwa kuwa vifuko vinaweza kuchelewa kuonekana. Wakati wa kurudi Lweba nilibeba kuni zilizobaki, sufuria na mkeka. Shingo iliniuma siku kadhaa.

Koko alitungoja barabarani. Tulipomwambia, aliniangalia mimi, akamwangalia dada, akatema mate chini.

"Ile mashini imechanganya bantu."

"Hapana, Koko."

"Imechanganya! Mulilala kwa kitanda moja. Ya huyu imeandikiwa ule." Na niliposema kwamba nimeambiwa nirudi nikifika miaka thelathini, alilidaka neno hilo: "Munaona? Anajua! Anamuficha!"

Kibaya zaidi ni kwamba dada mwenyewe alikuwa upande wa Koko. Si kwamba alimwamini sana. Alikuwa mtu wa kubeba, maisha yake yote yeye ndiye mzima anayewatazama wagonjwa, na hakujua namna ya kuwa upande wa pili. Vidonge aliviweka kwenye kopo, akalichomeka kopo chini ya paa. Nilipomuuliza, alisema atameza akianza kuumwa. Wiki zikapita. Uso wake ukaanza kuvimba asubuhi. Siku moja akaniambia anaona vinyota machoni, akacheka. Mimi sikucheka tena. Nilikuwa nimemwona baba akikaa chini taratibu na jembe lake, na niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia. Akanijibu kwamba methali haijamzalia mtu.

Siku hiyohiyo nilimfuata Koko, aliyekuwa anatwanga sombe. Sikwenda na hekima yoyote, nilikwenda na hasira. Niliokota kokoto, nikaificha nyuma, nikatoa ngumi mbili mbele ya kinu chake, nikaanza kumweleza kama nilivyoelezwa, kwa kelele. Alitwanga. Nikaeleza tena. Akaendelea kutwanga. Ghafla akasimamisha mchi.

"Ile mbegu ya dada yako. Alipewa na nani?"

"Na baba."

"Baba yenu hakukuwa na jina."

"Ndiyo, Koko."

"Wala tumbo."

"Ilimuanza na kichwa. Dokta anasema hata baba alikuwa nayo. Kama hakukuwa nayo, dada angeitoa wapi?"

Alikaa juu ya kinu palepale, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi. Nikafikiri nimemuua. Halafu akaanza kusema, na sikuwahi kumsikia akisema vile. Alisema alipoolewa Lweba alitoka juu milimani, hakujua hata kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, na wakwe walimcheka. Alipozaa mtoto wa kwanza aliomba mwenyewe, kwa kinywa chake, apewe jina la mume wake, ili ukoo umpende. Wakampenda. Miaka ikapita, mume akavimba tumbo. Akafa. Mtoto naye akavimba. Akajua ni yeye aliyembandika mwanawe kifo, siku ile alipoomba, ili apendwe.

"Mi nilizika mutoto yangu nikijua ni mi nilimuua," alisema. "Hii miaka yote." Akanishika mkono, ule wenye kokoto. "Dokta alisema nini juu ya jina? Sema tena."

"Haiingiake mu figo."

"Sema tena."

Nilisema tena. Aliangua kilio, kilio kikubwa cha matanga, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Akawajibu hakuna aliyefariki. Kisha akainuka, akafuta uso kwa kitenge, akaenda nyumbani kwa dada, akapenyeza mkono chini ya paa, akatoa kopo. Alichukua kikombe cha maji, akasimama mbele ya mjukuu wake, mikono miwili imejaa.

"Meza."

"Koko, mi sina..."

"Nilikuacha wewe bila kukubonyeza tumbo hata siku moja. Meza, mama yangu."

Dada akameza. Kuanzia siku hiyo Koko alisimama mbele yake kila asubuhi mpaka kidonge kishuke, kisha akamfungua mdomo kuhakikisha. Chumvi yote ikatoka nyumbani. Hata mimi nilikula bila chumvi, nikanung'unika kila siku, hakuna aliyenisikiliza.

Siku za kujifungua zilipokaribia, risasi zilianza tena upande wetu na barabara ya Baraka ikafungwa. Shemeji, mume wa dada, alisema watapita majini, akipiga kasia karibu na ukingo ambako mawimbi hayana nguvu. Nikabeba vitu mpaka kwenye mtumbwi. Koko, ambaye alikataa kupanda mtumbwi hata alipofukuzwa na bunduki, aliingia wa kwanza, akakaa katikati amefumba macho, akapakata kichwa cha dada mapajani. Alisali njia nzima, kwa sauti, akimkumbusha Mungu kwamba yeye ni mtu wa nchi kavu.

Tulifika jua likiwa kali. Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi. Walimpasua haraka, wakatoa mtoto wa kike, mdogo, mwenye kelele. Dada mwenyewe hakuamka siku hiyo. Daktari wa Bukavu alikuja kila mara kumtazama, hakutuambia maneno ya kutufariji, na kwa hilo tulijua hali ni mbaya. Kesho yake mchana dada alifungua macho, akaniona nimekaa sakafuni kando ya kitanda, na sufuria, na mkeka.

"Ee," alisema kwa sauti iliyokauka. "Garde-malade."

Nililia kama mtoto na sioni haya kuandika. Koko alimfuata daktari uani, akamshika mikono yote miwili, akaifungua viganja, akavitazama, akavibusu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tunaisema kila siku, lakini ni wachache waliopona kweli, na sisi ni miongoni mwao.

Yaliyofuata ni maisha ya kawaida, ndiyo maana nayapenda. Mama alirudi kutoka ng'ambo. Wadogo zetu walipimwa, mmoja anao ugonjwa, mwingine hana. Koko alikufa kwa uzee, amelala, baada ya kunizoesha kulima. Mimi nilipimwa tena nilipotimiza thelathini, nikakutwa safi, nikamshukuru Mungu na kuomba samahani kwa ndoo zote za Lweba. Dada amemeza vidonge vyake siku zote hizi, hata siku ambazo dawa ilikuwa mbali na mumewe alikwenda kuitafuta mpaka Uvira. Figo zake zimechoka, lakini zinafanya kazi. Watu walimsihi dada amruhusu binti yake apimwe akiwa mdogo. Alikataa. "Kama iko nayo, atanikuta miye hapa, nitamuonyesha njia," alisema. "Miye sikukuwa na wa kunionyesha."

Juzi nilikwenda kumtembelea. Alikuwa ameketi mlangoni, amevua kilemba, anajichana. Niliinama kumsalimia nikaona juu ya paji la uso, upande wa kulia, nywele tatu nne nyeupe. Mimi mwenye figo safi nina upara tangu zamani, hivyo nilifurahi kupata cha kumtania. Nikanyoosha mkono nizing'oe. Alinipiga kofi la vidole.

"Acha! We, wa damu yetu mwenye hii ugonjwa, ulishaona nani akiwa na mvi?"

Nikafikiri. Babu hakufika. Baba mkubwa hakufika. Baba tulimzika na nywele nyeusi.

Akachukua kilemba, akakifunga taratibu, nyuma zaidi ya kawaida ili zionekane, akaenda zake sokoni.